Nani Anaikagua Setilaiti?

(Hotuba tuliyoitoa katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Tulipokaa na wafugaji kaskazini mwa Kenya kuzungumzia bima ya mifugo, mzee mmoja alituuliza swali ambalo siku ile hatukuwa na jibu lake. "Wanangu, mnasema setilaiti ndiyo itakayoona kama malisho yamekauka. Je, nayo ikianza kuzeeka macho kama mimi?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, maana tulikuwa tumeandika ombi zima la fedha kwa kutegemea takwimu hizo. Leo tumekuja na jibu.

Bima ya namna hiyo ilianza Marsabit mwaka 2010. Haikumtuma mtu kuhesabu mizoga. Ilipima ukijani wa malisho kutoka angani, na uliposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa mfugaji alilipwa. Malipo ya kwanza yalitoka baada ya ukame wa 2011. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho la binadamu halioni. Setilaiti hulinganisha mianga hiyo miwili. Kwa hiyo kihisi, yaani jicho lake, kikidhoofika upande mmoja tu, nyasi zitaonekana zimepungua ilhali zipo, au zipo ilhali zimekwisha. Hapo familia moja hukosa haki yake, na fedha za mfadhili huenda kusikohitajika.

Na vihisi huchakaa kweli. Setilaiti ya Terra ya Marekani ilirushwa Desemba 1999. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kuchakaa kwa kihisi chake, MODIS, kulikuwa kumeingiza katika takwimu upungufu wa ukijani ambao ardhini haukuwako. Takwimu za miaka mingi zilikokotolewa upya. Kihisi cha AVHRR, kilichotumika muda mrefu kuangalia ukame barani Afrika, hakikuwa kabisa na chombo cha kujikagua upande wa mwanga unaoonekana.

Mkulima wa kahawa au pamba anaijua dawa ya jambo hili. Mizani ya chama cha ushirika hukaguliwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Sasa mizani iliyo kilomita 700 hivi juu yetu utaiwekea jiwe gani? Utaiwekea jangwa.

Huko Nevada, Marekani, kuna mahali paitwapo Railroad Valley, bonde la ziwa lililokauka. Ni tambarare, peupe, hapana majani, na mawingu ni machache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona wamekuwa wakienda huko tangu miaka ya 1990. Hujipanga kwa saa ambayo setilaiti itapita, kisha hutembea mstari baada ya mstari wakiwa na chombo cha kupima mwanga mgongoni. Mara hukielekeza kwenye bamba ambalo weupe wake unajulikana, mara kwenye udongo. Mwenzao hulipima jua lenyewe ili kujua vumbi na mvuke vimezuia mwanga kiasi gani. Setilaiti hupita kwa muda mfupi sana. Baadaye hukaa mezani wakakokotoa mwanga uliopaswa kufika kule juu, wakaulinganisha na ule ambao kihisi kimetangaza. Tofauti hiyo ndiyo inayosahihishwa. Wingu moja likipita saa hiyo, safari nzima imekwenda bure.

Siku hizi vyombo vimesimikwa na hupima vyenyewe. Mtandao uitwao RadCalNet hutoa bila malipo vipimo vya Railroad Valley, La Crau ya Ufaransa, Baotou ya China, na Gobabeb katika jangwa la Namib nchini Namibia, ambako kituo kilisimikwa mwaka 2017. Tulifurahi kuona Afrika imo. Tena kuna maeneo ya Sahara, kama lile liitwalo Libya 4, yasiyo na mtu wala chombo. Mchanga wake haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Setilaiti ikiuona unafifia kila mwaka, ugonjwa uko kwenye jicho.

Wale wanaoshughulika na migogoro ya ardhi wataielewa upesi habari hii. Railroad Valley ina lithiamu, madini ya betri, na kampuni moja ilitaka kuchimba. NASA ilisema uso wa bonde ukivurugwa, jiwe la mizani limepotea. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilizuia uchimbaji katika takribani kilomita za mraba 90. Wapo waliolalamika, na betri zinahitajika kweli. Sisi tunaona uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa tusingependa kuwa mezani siku ulipotolewa.

Jibu hili tulimpelekea yule mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama setilaiti inaijua mathenge. Haiijui. Hata jicho lililokaguliwa vizuri huona kijani tu, na mathenge hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, ilhali majani yake mifugo hawayapendi. Kwa sababu hiyo fomu ya robo mwaka ijayo ina safu mpya, ambapo kamati ya parokia itaandika kama kijani kilichopo kinaliwa au hakiliwi. Fomu ziko kwa katibu, pale mlangoni.