Kikao cha Bajeti Kifike Hadi Kwenye Simu ya Mwananchi

Hotuba kwa maafisa wa habari na teknolojia wa wadi kuhusu programu huria za matangazo mbashara



Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli zake kwa uwazi, kufanya vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bungeni kabla ya Aprili 30 kuisha, kisha vikao vya kukusanya maoni hufuata. Mkaazi anayelazimika kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na kufunga kibanda chake siku nzima, ili asikie barabara ya kwao imetengewa shilingi ngapi, mara nyingi hubaki nyumbani. Matangazo mbashara hayawezi kuchukua nafasi ya kikao cha ana kwa ana. Lakini humwezesha mtu huyo kusikia yanayosemwa ukumbini.

Programu zenyewe hazinunuliwi. OBS Studio, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey, hutolewa bure chini ya leseni ya GPL na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kazi yake ni kupokea picha ya kamera na sauti ya maikrofoni, kuziunganisha, kisha kuzituma kwenye seva. Ya pili ni Owncast, nayo ni programu huria, ambayo huwekwa kwenye seva ya kaunti yenyewe ili mwananchi atazame bila kufungua akaunti kwenye mtandao wowote wa kijamii. Owncast hupokea matangazo kutoka OBS kupitia mlango wa 1935, na ukurasa wa watazamaji hufunguka kwenye mlango wa 8080. Jambo la kwanza baada ya kuiweka ni kubadilisha ufunguo wa matangazo na nywila ya msimamizi, maana vyote viwili huja vikiwa abc123. Ofisi itakayoviacha hivyo itakuwa imefungulia mtu yeyote njia ya kurusha anachotaka kwa jina la kaunti.

Kuziweka huchukua asubuhi moja. Kinachoangusha matangazo ni hesabu ya data, na hapa ndipo afisa anapaswa kutuliza akili.

Wengi hupima kasi ya kupakua, wakaona namba kubwa wakaridhika. Anayerusha matangazo anahitaji kasi ya kupakia, ambayo kwa kawaida huwa ndogo zaidi. Ipimwe katika ukumbi wenyewe, saa ileile ambayo kikao kitafanyika, kisha OBS ipangiwe isizidi nusu ya kiwango kilichopatikana. Penye megabiti 3 kwa sekunde, itume kilobiti 1,500. Watu waliokaa wakizungumza hawahitaji picha ya mpira wa miguu.

Upande wa mtazamaji, video ya kilobiti 800 kwa sekunde hula takriban megabaiti 360 kwa saa. Kikao cha saa tatu kitammaliza zaidi ya gigabaiti moja. Kwa mtu anayenunua bando la siku, huo ni mlango uliofungwa. Owncast huweza kutoa viwango kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hivyo kiwekwe pia cha kilobiti 350, ambacho kwa saa hizo tatu hula chini ya megabaiti 480. Picha haitapendeza, lakini takwimu za bajeti zitasikika.

Seva nayo isiwe kompyuta iliyo chini ya meza ya afisa. Watazamaji 200 wa kilobiti 800 kila mmoja wanahitaji megabiti 160 kwa sekunde kutoka kwenye seva hiyo, na laini nyingi za ofisi haziwezi. Ikodishwe seva iliyo katika kituo cha data, au vipande vya video vihifadhiwe kwenye hifadhi ya nje, jambo ambalo Owncast inaliruhusu.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Maikrofoni ya kamera iliyosimama nyuma ya ukumbi hunasa viti, kikohozi na mvua juu ya mabati. Waya utolewe kwenye mitambo ya vipaza sauti ya ukumbi moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, na afisa mmoja avae vipokea sauti masikioni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwananchi akisimama kuuliza swali bila maikrofoni, mwenyekiti alirudie swali hilo kabla ya kujibu.

Ndani ya OBS, pande tofauti za skrini hupangwa kabla ya kikao. Mkalimani wa lugha ya ishara apewe kisanduku chake kikubwa cha kutosha kuonyesha mikono, nacho kibaki hapo hata jedwali la bajeti linapoonyeshwa. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Mkalimani mdogo kama stempu kwenye kona hamsaidii yeyote.

Maoni yanayoandikwa na watazamaji yana hatari yake. Mtu akiandika kwamba zahanati ya kwao haina maji, huamini amesikika. Kwa hivyo awepo afisa wa kuyasoma kwa mwenyekiti na kuyaandika pamoja na yale ya ukumbini. Kama hakuna wa kuifanya kazi hiyo, sehemu hiyo ya maoni ifungwe na anwani ya kutuma maoni ya maandishi ionyeshwe kwenye skrini. Mlangoni nako libandikwe tangazo kwamba kikao kinarushwa na kurekodiwa.

Mwisho, stima. OBS irekodi wakati inaporusha, na faili iwe ya aina ya MKV. Stima ikipotea katikati, faili ya kawaida ya MP4 huenda isifunguke tena, lakini ya MKV hubaki na yote yaliyorekodiwa hadi dakika ile. Baada ya kikao OBS yenyewe inaweza kuigeuza kuwa MP4, kisha nakala akabidhiwe karani wa bunge pamoja na kumbukumbu za kikao.