Chakula cha Moyo na Wakazi wa Utumbo
Hotuba iliyotolewa Moshi kabla ya mlo wa pamoja wa maadhimisho ya hekalu letu



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya afya kabla ya chakula kupakuliwa. Sisi si madaktari. Tu wafanyabiashara wa nafaka, na elimu yetu ni ya sekondari. Lakini aliyeuza nafaka zaidi ya miaka 30 huona mambo. Magunia ya unga mweupe na sukari, na madumu ya mafuta, hayamalizi wiki ghalani. Mawele, ulezi na choroko za maganda hukaa hata zikaingia fukusi. Na katika miaka hiyo hiyo tumewasindikiza wenzetu wengi walioondolewa na maradhi ya moyo, baadhi yao hawajatimiza hata miaka 55.

Watu wenye asili ya Bara Hindi hupata maradhi ya moyo na kisukari hata pale wasipoonekana wanene. Kwa sababu hiyo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limetuwekea kipimo chetu cha kiuno: sentimita 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, wakati mwanamume wa Ulaya amewekewa 94. Futi ya fundi cherehani yatosha kupima.

Wengi wetu hujifariji kwamba hatuli nyama. Upo ukweli humo. Mwaka 2013 watafiti wa Cleveland, Marekani, akiwamo Stanley Hazen, walionyesha kwamba kanitini iliyomo katika nyama nyekundu hugeuzwa na bakteria wa utumbo, kisha na ini, kuwa kemikali iitwayo TMAO, ambayo imehusishwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Wasiokula nyama walipopewa kanitini hiyo hiyo walitoa TMAO kidogo zaidi. Lakini ganthia nazo hazina nyama, jalebi hali kadhalika. Mtu aweza kumaliza maisha yake bila kuonja nyama na bado akawa hajala mboga za kutosha.

Tueleze kidogo kinachotendeka tumboni, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Unga mweupe, sukari na mafuta humeng'enywa karibu vyote katika utumbo mwembamba. Kinachofika chini ni haba. Nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa hazimeng'enywi na sisi, hivyo hufika katika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wengi mno huzingoja. Wakizichachua hutoa asidi nyepesi, na mojawapo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo wenyewe. Aidha zipo nyuzinyuzi zinazolainika kama uji, ambazo hushika nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu inayochotwa katika damu. Basi bakuli moja la choroko humnufaisha mwenye nyumba na wapangaji wake. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha choroko zilizopikwa hutoa takriban gramu 15.

Kuhusu kupunguza uzito, tuseme bila kuficha: bakteria hawayeyushi kitambi. Uzito hupungua kwa kula pungufu ya mwili unavyotumia. Mwaka 2006 kundi la Jeffrey Gordon, huko St. Louis, liliwafuata watu 12 wanene kwa mwaka mmoja wakipunguza uzito, likaona jamii za bakteria wao zikibadilika kadiri uzito ulivyoshuka. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote juu ya jamii zipi hasa. Linalotuhuzunisha ni namna vijana wetu wanavyojikondesha: wanaacha dengu, wanaacha rotlo, wanakunywa chai za kuharisha. Mizani hushuka, na wapangaji wa utumbo hulala njaa.

Ushahidi mwingine umetoka hapa hapa kwetu. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wanaume 77. Wa vijijini waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kisasa kwa wiki mbili; wa mjini wakapewa cha asili. Damu ya wale wa kwanza ilionyesha dalili zaidi za mchochota, yaani mwili kupigana pasipo adui, hali inayohusishwa na maradhi ya moyo. Kwa wale wa pili dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likapata nafuu ya namna hiyo. (Majirani zetu wa Kichaga wanacheka; mbege hatutaigawa hekaluni, tutabaki na chaas yetu.)

Kwa hiyo tuliiomba Halmashauri, nayo ikaridhia baada ya mjadala mkali, kwamba mlo wa leo uwe khichdi ya mawele na choroko za maganda, mchicha, kachumbari, na chaas isiyo na sukari. Mithai ipo ya aina moja badala ya saba, nayo imebarikiwa kama kawaida. Waliouliza ni sikukuu gani hii isiyo na puri, tunawajibu kwamba bibi zetu waliotoka Kathiawar kwa jahazi walisherehekea kwa rotlo.

Asiyezoea nyuzinyuzi aongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na anywe maji, vinginevyo tumbo litajaa gesi. Mwenye maradhi ya figo, au atumiaye dawa za kisukari, amwone daktari kabla ya kubadili mlo. Ghala letu litauza mawele na choroko kwa bei tuliyonunulia hadi mwisho wa mwezi, kwa wanachama na majirani bila ubaguzi. Na ile sufuria ya tatu, iliyo karibu na mlango, haikutiwa chumvi: ni ya wenye shinikizo la damu, tafadhali tuwaachie.