Karpo, Mtunza Joho

Somo: 2 Timotheo 4:9–21

Nasema nanyi wa Likoni mnaongoja feri, ninyi wa Kisauni mliokwisha kuteleka chai, nanyi wa Changamwe mliotoka zamu ya usiku. Kama Biblia iko karibu nawe, fungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 13.

Mtume Paulo yumo kifungoni. Anajua kwamba siku zake za kuondoka duniani zimekaribia, na katika sura hii hii amekwisha kusema habari za taji ya haki. Kisha, katikati ya maneno hayo makubwa, anamwomba Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa nyumbani kwa Karpo, na vitabu vyake, na zaidi ya vyote vile vya ngozi. Zamani nilikuwa nikiupita mstari huu upesi. Niliona ni habari ya mizigo tu, si neno la kuhubiri. Mama mmoja wa Likoni ndiye aliyenifundisha kusimama hapo.

Mama huyo alikuwa amefanya kazi ya nyumbani kwa watu huko Ghuba kwa muda wa miaka minne. Siku ya kurudi alipanda ndege, akabadilisha ndege ya pili njiani, akashuka kwenye uwanja wetu wa Moi, kule Port Reitz. Alisimama kwenye mkanda wa mizigo. Wenzake wakachukua vyao mmoja mmoja, mpaka mkanda ukazimwa. Sanduku lake halikuonekana.

Jumatano akaja kwenye maombi. Nami, bila kumwuliza hata swali moja, nikamwambia asijisumbue, maana hazina yetu iko mbinguni, ambako hakuna nondo wala kutu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Ndipo akasema, “Mchungaji, aya hiyo naijua. Nguo na wachukue. Lakini mna daftari langu ndani. Nimeandika kila mwezi nilipolipwa na kila mwezi nisipolipwa. Miezi mitano nadai. Sina ushahidi mwingine. Sikuja kuombewa tu, nataka mtu wa kunisindikiza Changamwe.”

Ndugu msikilizaji, niliona haya. Nilikuwa nimempa Neno la Mungu kama mtu anavyomtupia mwenzake mzigo ili apite zake. Paulo naye alijua habari za hazina ya mbinguni kuliko mimi, na bado aliomba joho lake, kwa maana wakati wa baridi ulikuwa ukija. Tena alisema “hasa”, kwa sababu mwenye mzigo anajua ni kitu gani ndani yake kisicholipika. Basi tusiwe wepesi kumwambia aliyepotewa kwamba vitu ni vitu tu. Kwanza tumwulize: Ndani mlikuwa na nini?

Kesho yake tulivuka feri pamoja, tukapanda matatu, tukapita Makupa hadi Changamwe. Njiani mama alishika mkononi kile kijikaratasi chenye namba alichopewa siku ya safari. Hakukitupa. Wala hakutoka uwanjani siku ya kwanza kabla ya kuandikisha kwamba mzigo wake haukufika. Hayo mawili yalimsaidia sana, nanyi mnaosafiri, au mlio na watoto ughaibuni, yashikeni.

Liko agano la mataifa lililofanywa Montreal mwaka 1999, na Kenya imo ndani yake. Agano hilo lasema kwamba mzigo uliokabidhiwa kwa shirika la ndege ukikaa siku 21 bila kufika, mwenyewe ana haki ya kudai kama mzigo uliopotea. Ukifika umeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Ukifika umechelewa, lalamika ndani ya siku 21 tangu uupokee. Kiwango cha juu cha fidia kiliongezwa mwishoni mwa mwaka 2024, nacho ni karibu dola 2,000 za Marekani kwa abiria mmoja. Hicho ndicho kipeo. Si kwamba kila mtu hupewa zote. Andika jina lako na namba ya simu nje ya sanduku, kisha uandike tena na uweke ndani. Na karatasi isiyo na nakala, ichukue mkononi.

Wataalamu wa mambo ya ndege wanasema kwamba mwaka 2007 mizigo karibu 19 kwa kila abiria 1,000 ilichelewa, iliharibika au ilipotea; mwaka 2024 ilikuwa kama 6. Mingi hupotea pale abiria anapobadilisha ndege. Tangu mwaka 2018 mashirika yametakiwa kuufuatilia kila mzigo unapopokewa, unapopakiwa, unapohamishwa na unapomfikia mwenyewe. Tunashukuru kwa hayo. Lakini sanduku la mama yetu lilikuwa moja, na lilikuwa limepotea lote.

Kwenye dawati la mizigo tulimkuta kijana. Nadhani alikuwa amechoka, maana watu walikuwa wamemkemea tangu asubuhi. Alichukua kijikaratasi, akaisoma namba, kisha akamwuliza mama swali lile nililoshindwa kuuliza mimi: “Mama, ndani mlikuwa na nini?” Akaandika yote, mpaka rangi ya jalada la daftari. Akasema, “Mama, mimi sikulipoteza, lakini sasa liko mikononi mwangu.” Kila siku ya tatu alimpigia simu, hata siku ambazo hakuwa na habari.

Siku ya 16 sanduku lilifika. Karatasi ya nje ilikuwa imechanika, likawa limekaa katika uwanja mwingine bila mwenyewe, mpaka lilipofunguliwa na daftari lenye jalada la kijani likaonekana. Kitasa kilikuwa kimevunjwa, na vitu kadhaa havikuwamo. Daftari lilikuwamo. Mama alilipeleka kwa wanaomsaidia kudai haki yake. Mpaka leo ninapozungumza nanyi hajalipwa yote. Sitawadanganya. Lakini anadai akiwa na ushahidi mkononi.

Sasa turudi kwa Karpo. Katika Biblia nzima jina lake limetajwa mara hii moja tu. Hatuambiwi alihubiri wapi, wala kama aliponya mgonjwa. Twajua jambo moja: mtumishi wa Mungu aliacha vitu vyake kwake, na kutoka kifungoni, mbali kule, alikuwa na hakika kwamba bado vipo. Hilo lilitosha jina lake liandikwe.

Nawe je? Huku bara yetu wengi tunakula kwa kushika vya watu. Wewe unapakia ndege. Wewe ni hamali Kilindini. Wewe unasukuma mkokoteni wa mama wa soko kutoka ferini. Wewe ni makanga, na kikapu kimesahauliwa chini ya kiti. Mwingine ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Hakuna akuonaye unapokuwa peke yako na kitasa cha mtu. Usiseme, “Ni sanduku tu.” Pengine ndani mna miaka minne ya jasho. Amana ni ibada, ndugu yangu, hata kama hufungui kinywa kuimba.

Tena liko neno la mwisho katika waraka huu huu, sura ya 2, mstari wa 19. Paulo asema kwamba msingi wa Mungu una muhuri, na muhuri huo watangaza kwamba Bwana anawajua walio wake. Wazee wa Kisauni watanielewa. Waliofikishwa Freretown tangu mwaka 1875 walikuwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Hawakuwa na masanduku. Wao wenyewe walikuwa wamehesabiwa kuwa mizigo, wakapakiwa majahazini, na wengi walikuwa wamepotezana na baba na mama. Karatasi ya jina ilichanika kwa mikono ya wanadamu. Lakini muhuri wa Mungu haukuchanika. Yeye alimjua kila mmoja, alikotoka na jina aliloitwa na mamaye.

Basi wewe uliyepotewa, dai kilicho chako bila haya. Wewe uliyekabidhiwa, kirudishe kizima. Nawe ujionaye umeachwa kwenye mkanda uliozimwa, Bwana anakujua.

Tuombe. Ee Baba, uwarehemu waliopoteza jasho lao njiani. Utupe mikono ya Karpo, isiyofungua kisicho chake. Utusamehe sisi tuliofariji upesi bila kuuliza. Utushike mpaka tufike kwako, katika jina la Yesu Kristo. Amina.