Kompyuta Yenye Mifumo Miwili Ikigoma Kuanza: Isifutwe Kabla ya Kukaguliwa

Maelezo yaliyosomwa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu huduma za TEHAMA



Chukueni mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku tatu kabla ya mgao wa mwaka anawasha kompyuta ya kikundi. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini Windows haionekani. Kioo ni cheusi, kina mstari mmoja tu wa maneno ya Kiingereza. Ndani ya mashine hiyo mna daftari zima la kikundi: hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho na faini. Kompyuta ilinunuliwa ikiwa imetumika, nayo ina mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu. Fundi wa kwanza anaitazama kwa dakika mbili, kisha anatoa hukumu: "Hapa ni kupiga Windows upya." Katibu akikubali, huenda jioni mashine ikawaka vizuri, na daftari la kikundi likawa limetoweka.

Neno kuu la mazungumzo haya ni moja: kompyuta kushindwa kuanza si sawa na kompyuta kupoteza kumbukumbu zake. Mara nyingi kilichoharibika ni njia ya kuingilia, ilhali mali iliyomo ndani ingali salama.

Kompyuta zenye mifumo miwili si ngeni tena. Baadhi huuzwa hivyo katika soko la mitumba. Nyingine huwekewa Linux na wanafunzi wanaojifunza programu. Aidha, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuikarabati Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wapo wenye mashine za zamani walioweka Linux kando ya Windows badala ya kununua kompyuta mpya.

Ili tatizo lieleweke, inafaa kujua kompyuta huamkaje. Kitufe kikibonyezwa, programu ndogo iliyomo katika bodi kuu ndiyo huamka kwanza. Katika mashine za zamani programu hiyo huitwa BIOS. Katika mashine za sasa ni UEFI. Hiyo husoma orodha yake ya vianzio na kumwita bawabu aliyeandikwa wa kwanza. Bawabu wa Windows huitwa Windows Boot Manager. Bawabu wa Linux kwa kawaida ni GRUB, ambaye huonyesha orodha ya mifumo na kumwachia mtumiaji achague. Bawabu akipotea au akibadilishwa, mgeni hubaki nje ya mlango, lakini vyumba na vyombo vilivyomo havijaguswa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kukipiga picha kwa simu. Maneno hayo ndiyo dalili, na kila dalili ina tiba yake.

Dalili ya kwanza: kompyuta inaingia moja kwa moja katika mfumo mmoja, na mwingine hauonekani. Jambo hili hutokea sana baada ya Windows kujisasisha na bawabu wake kupanda juu ya orodha. Mtumiaji azime mashine, aiwashe, na papo hapo abonyeze kitufe cha orodha ya vianzio mara kadhaa: F12 kwa kompyuta nyingi za Dell na Lenovo, Esc au F9 kwa nyingi za HP. Akiona jina "ubuntu" na jina "Windows Boot Manager", mifumo yote miwili ipo. Kilichobaki ni kuingia katika mipangilio ya UEFI na kupanga upya nani atangulie.

Dalili ya pili: orodha ya GRUB inatokea, lakini Windows haimo. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine isipoelekezwa. Fundi aingie Linux, afungue faili la /etc/default/grub, aandike mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha atekeleze amri sudo update-grub. Windows itarudi katika orodha bila faili hata moja kuguswa.

Dalili ya tatu: kioo kinaandika "grub rescue". Mara nyingi chanzo ni mtu aliyefuta sehemu ya diski yenye Linux ili kuongeza nafasi ya Windows, akasahau kwamba bawabu alikuwa anaishi humo. Katika mashine ya UEFI, achague Windows Boot Manager kwa kitufe kilekile cha vianzio. Katika mashine ya zamani ya BIOS, fundi atahitaji flashi yenye Windows na amri bootrec /fixmbr.

Dalili ya nne inahusu ulinzi uitwao Secure Boot, ambao huruhusu mabawabu wanaotambulika tu. Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lilifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili, katika nchi mbalimbali, zikatae kuanzisha Linux na kuandika "Something has gone seriously wrong". Maneno hayo yalitisha, lakini mafaili yalikuwa salama. Njia iliyowasaidia wengi ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kuondoa kanuni iliyoleta mgogoro, kisha kuwasha ulinzi tena.

Hapa pana onyo zito. Iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, kubadili mipangilio ya Secure Boot kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Asiye nao hataweza kuyafungua mafaili yake, wala fundi hatamfungulia. Utafutwe na kuandikwa karatasini kabla ya mpangilio wowote kubadilishwa.

Zipo pia dalili ndogo zinazoogofya bure. Linux ikikataa kuandika katika diski ya Windows, yaelekea Windows haikuzimika kabisa: ina kawaida ya kulala nusu ili iamke haraka. Mtumiaji aingie Windows, achague Restart badala ya Shut down, kisha ahamie Linux. Saa nayo ikipishana kwa saa tatu kila mfumo unapobadilishwa, saa haijaharibika. Windows husoma saa ya bodi kuu kama saa ya hapa, ilhali Linux huisoma kama saa ya kimataifa, na Tanzania imetangulia saa hiyo kwa saa tatu. Lakini tarehe ikirudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatwa, betri ndogo ya bodi kuu imekwisha. Katika mashine za zamani, betri hiyo ikifa huweza kuvuruga hata mpangilio wa vianzio.

Na ikiwa tiba zote zimeshindikana, bado si wakati wa kufuta. Kwa kompyuta nyingine nzima hutengenezwa flashi yenye Ubuntu, kisha mashine yenye tatizo huanzishwa kwa flashi hiyo na kuchaguliwa njia ya kuujaribu mfumo bila kuusimika. Hapo diski ya ndani hufunguliwa kama kabati, na mafaili hunakiliwa katika flashi ya pili au diski ya nje. Tahadhari ni mbili. Diski inayotoa mlio wa kugonga ina ugonjwa wake yenyewe. Izimwe ipelekwe kwa mtaalamu. Pili, lisibonyezwe neno lolote la kusimika au kufomati mpaka nakala zimefunguliwa na kuhakikiwa katika kompyuta nyingine.

Mwenye kompyuta asiyejua amri hizi hana haja ya kuona haya. Wajibu wake ni kumuuliza fundi maswali matatu kabla ya kumkabidhi mashine. Je, mafaili yatanakiliwa kwanza, na wapi? Je, orodha ya vianzio imekaguliwa? Je, kazi itakayofanywa inafuta kitu chochote? Fundi mwema hujibu bila kukasirika. Anayesema "nakala si lazima" ameshajibu, na mwenye mashine achukue mashine yake.

Turudi kwa katibu. Kama angeuliza swali la pili, fundi angebonyeza F12, angeiona Windows katika orodha, na daftari lingefunguka kabla chai haijapoa. Hata hivyo, kikundi kisiishi kwa kutegemea bahati. Kila baada ya kikao, daftari linakiliwe katika flashi inayotunzwa na mweka hazina, nyumba tofauti na ilipo kompyuta, na muhtasari wa hisa na mikopo uchapwe karatasini na kutiwa sahihi. Mashine hununuliwa tena. Kumbukumbu ya jasho la mama aliyeweka hisa kila wiki kwa mwaka mzima haina duka inakouzwa.

Tahadhari kabla ya hatari.