Kumleta Mwenzi Kutoka Nje: Cheti cha Ndoa Kwanza
(Hotuba kwa wakazi, Kitengela)



Uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti. Lakini sisi tumepakana na Tanzania, na wengi tumeoa au kuolewa ng'ambo ya Namanga.

Mtanzania haihitaji viza kuingia Kenya. Hata hivyo, kutembea si kuishi. Mume au mke anayekuja kukaa nawe huombewa pasi ya mtegemezi kupitia eCitizen. Pasi hiyo haimruhusu kuajiriwa. Kazi ina kibali chake.

Ndoa ikitimiza miaka 3, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikitimiza 7, Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuomba uraia.

Yote haya yanategemea cheti. Mahari imetolewa, wazee wamebariki, watoto wako shuleni. Bila cheti, ni vigumu kuthibitisha ndoa. Asiye na pasi anaweza kurudishwa kwao, watoto wakabaki na mzazi mmoja.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, na inataka isajiliwe. Basi tusajili mapema, tusingoje kukamatwa.