Yowe, filimbi na kipaza sauti

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipowachosha wakulima na wafugaji wa Unyamwezi na Usukuma, Tanzania, hawakungoja gari la polisi. Waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu: upinde, mishale, filimbi. Yowe likipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka, na asiyetoka anatozwa faini. Mkaidi hutengwa, hapewi hata kijinga cha moto na jirani. Serikali iliridhia, na mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi rasmi.

Huo ni uanaharakati wa mashinani uliotoka vijijini kwenyewe, bila mfadhili wala semina.

Lakini tusiupake mafuta. Ukanda huohuo, wilaya ya Igunga ikiwemo, umezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Mwanamke aliyepika miaka mingi kwa kuni na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kwenye jiko lisilo na dirisha, atayapata wapi macho meupe? Sungusungu nao mara nyingine waliwasaka hao "wachawi".

Hapo ndipo redio ya jamii ina kazi. Mkutano wa sungusungu kwa kawaida ni wa wanaume. Simu ya studioni haichagui mwanamume wala mwanamke. Huko Korogocho, Nairobi, vijana walianzisha Koch FM mwaka 2006 ndani ya kontena, wakazungumzia ubakaji na uongozi mbovu mtaani kwao. Igunga, kipindi cha namna hiyo kingeanza na swali moja kwa makamanda wa sungusungu: mtuhumiwa anajitetea wapi?