Nani Ameandikwa Daftarini?



Mwaka 2010 shirikisho la wakulima wa Marekani, American Farm Bureau, liliiuzia kampuni ya Facebook jina lake la kikoa katika intaneti, fb.com. Bei ilikuwa dola milioni 8.5, kwa herufi mbili tu! Mkulima wa pamba hupima mzigo wake, mnunuzi akaubeba. Jina lisiloshikika hukabidhiwaje?

Hukabidhiwa daftarini. Kila jina lina msajili wake, na kwake huyo ndiko mmiliki alikoandikwa. Muuzaji hufungua kufuli lililowekwa kuzuia uhamisho wa wizi, kisha humpa mnunuzi neno la siri la uhamisho. Mnunuzi hulipeleka kwa msajili wake mwenyewe, naye huomba jina lihamie kwake. Kwa majina ya .com kazi hiyo huchukua yapata siku tano. Wakiwa na msajili mmoja, jina hutoka akaunti hii likaingia ile, basi.

Ugumu uko kwenye fedha: nani atangulie? Mwenye busara hatangulii. Fedha huwekwa kwa wakala wa amana, asiyemlipa muuzaji mpaka daftari lionyeshe mmiliki mpya. Wala huo si woga. Mwaka 1995, huko huko Marekani, mlaghai mmoja alipeleka barua ya kughushi kwa kampuni ya Network Solutions, nayo ikalihamisha jina la Gary Kremen bila kumwuliza mwenyewe. Kremen alihangaika mahakamani hadi mwaka 2000 ndipo aliporudishiwa. Mwaka 2003 mahakama ya rufani iliamua kwamba jina la kikoa ni mali, na kwamba msajili aliyelitoa ovyo aweza kudaiwa. Miaka mitano, kwa barua moja!

Na shule je? Fundi akiitengenezea shule tovuti, akasajili jina kwa anwani yake binafsi, shule imelipa lakini haijapokea jina. Kupewa nywila ya tovuti si kupewa jina, la hasha! Fundi akihama, na ada ya mwaka isipolipwa, jina laweza kuchukuliwa na mwingine. Mkuu wa shule hana budi kuona, kabla ya kutia saini hati ya malipo, kwamba penye nafasi ya mmiliki pameandikwa shule, na kwamba barua pepe iliyopo hapo ni ya shule.